Mkono wa Jani

Mama mdogo Anjelina tumemzika mwezi uliopita kule Munanila, na kabla hata ya kuanua matanga nilikwisha kuulizwa swali. Aliyeniuliza ni mjukuu wake, Neema, binti mwenye ulimi usiojua kusubiri, na mimi hilo nampendea. Tulikuwa uani tunachambua maharage ya wageni, yeye kakaa juu ya kinu kilicholazwa, mimi kwenye kigoda. Akasema, "Mama mkubwa, usinichukie. Lakini bibi ulimtesa. Tangu apooze, mkono ule ulikuwa umeshakufa, kila mtu anaona, na wewe kila asubuhi unauvuta vidole, bibi anatoa machozi. Kwa nini hukumwacha apumzike?" Wanawake wengine wakanyamaza, wakajitia kuchambua sana. Nikajua kwamba lile lilikuwa swali la nyumba nzima, Neema kasukumwa mbele tu. Nilimwonyesha mkono wangu wa kushoto, huu wenye kovu lililotanda mgongoni na kidole cha mwisho kilichogoma kunyooka hadi leo. Akautazama, akasema, "Eh, ninaujua, uliungua zamani." Uliungua zamani! Mtu anaishi miezi na miezi kati ya kupata mikono na kuikosa, halafu wajukuu wanauita "zamani" na kurudi kwenye maharage. Basi nimekaa kuandika, ili Neema asome akipata nafasi, na wale waliokuwa wananyamaza wasome pia.

Sitaanza na nani alinizaa na kwa nini nililelewa na mama mdogo, maana hayo hayahusiki. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimechumbiwa na kijana wa Kasanda aitwaye Petro, na najua kushona. Ulikuwa ule mwaka wa vijiji vya ujamaa, tulipohamishiwa kijiji kipya upande wa Kagerankanda. Zamani kila mtu alikaa kwenye migomba yake, jirani unamwita kwa sauti anaitika kutoka ng'ambo, na moto wa mmoja ulikuwa wa mmoja. Kijijini tulipangwa mstari mmoja, mlango kwa mlango, katika vibanda vya miti na nyasi, kwa sababu muda wa kufyatua matofali haukuwapo. Kiangazi kilikuwa kikali. Jioni moja, jua bado lipo, jiko la mtu wa mwanzo wa mstari lilirusha cheche, na upepo ukafanya iliyobaki. Tulitoka wote salama. Mama mdogo akahesabu watoto, akawaona, akashika kichwa, akapiga kelele, "Cherehani yangu jamani!" Ilikuwa cherehani ya mkono, nzito, ndiyo iliyotulisha. Hakunituma. Hilo naliandika wazi, kwa sababu yeye mwenyewe alikwenda kaburini akiamini kwamba alinituma. Nilikimbilia ndani kwa akili zangu, nikaikumbatia, na nilipofika mlangoni paa likashuka juu ya mikono yangu. Cherehani nilitoka nayo. Waliniambia walinibandua kutoka kwenye chuma kile kama mtu anayebandua ukoko wa ugali.

Tulipelekwa Kibondo juu ya magunia ya maharage, ndani ya lori, mikono yangu imefunikwa na kanga yenye maji. Siku za mwanzo sizikumbuki vizuri, nakumbuka kiu, chupa ya maji ya chumvi iliyoning'inia na mpira wake mguuni, na sauti ya Mama mdogo ikisema, "Kunywa, mwanangu, kunywa tena." Akili iliporudi nilijikuta kwenye wodi ndefu ya wanawake, sakafu ya saruji iliyopigwa deki mpaka inateleza, madirisha yenye wavu, vitanda vya chuma vilivyolia ukijigeuza. Nje palikuwa na banda la kupikia la wauguzaji, ndugu waliokuja kututunza, na moshi wake ulituletea habari za chakula cha kila mtu: huyu dagaa, yule maharage ya mawese, yule ndizi. Harufu ya mawese ndiyo iliyoniambia kwamba sijafa. Mama mdogo alinilisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, mimi nikiwa na mikono miwili iliyovimba kama mihogo, na alikuwa akinisukumia mayai na maharage hata nikikataa, maana daktari alimwambia kwamba jeraha la moto linakula mwili na lazima tulishinde kwa chakula.

Daktari huyo, Daktari Kileo, alikuwa kijana bado, mtu wa Moshi, mrefu, mwenye Kiswahili cha haraka kilichotuacha nyuma sisi tuliozoea Kiha chetu cha nyumbani. Alikuja akavuta kigoda, akakaa, jambo ambalo madaktari hawakuwa nalo siku zile. "Yustina," akasema, "moto umekuunguza mikono yote miwili karibu sawasawa. Pole sana. Sasa nina ombi, na hata ukikataa nitakutibu vilevile. Gozi, kitambaa hiki tunachofungia vidonda, ni chache, na ikikauka inashikana na nyama; kila tukiibandua tunaumiza upya. Nataka mkono wa kulia niufunge kwa gozi ya vaselini kama kawaida, na wa kushoto niufunge kwa jani changa la mgomba lililochemshwa. Halafu tuone upi unapona vizuri."

"Kwani hujui?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo. "Sijui. Ningejua nisingekuuliza. Nikimfunga mmoja kwa jani na mwingine kwa gozi, watu watasema huyu alikula vizuri, yule alikuwa mzee. Lakini mikono yako yote ni ya mtu mmoja. Damu moja, ugali mmoja."

Mama mdogo akadakia, "Na huo wa jani ukioza je, daktari?"

"Nikiona dalili yoyote, naacha siku hiyohiyo, mama. Na wewe ukiiona kabla yangu, niite."

Nilikubali. Watu walidhani nimekubali kwa sababu daktari ni mkubwa na mimi ni mtoto wa shamba. Hapana. Nilikubali kwa sababu aliniuliza. Mwaka ule mzima, tangu kuambiwa tubomoe nyumba mpaka kuonyeshwa pa kujenga kibanda, hakuna aliyekuwa amenigeukia na kuniuliza kama nataka kitu au sitaki. Yule mtu alikaa kwenye kigoda akasubiri jibu langu. Ningemkubalia hata angesema anifunge kwa majani ya chai.

Basi mikono yangu ikawa mpira wa wodi nzima. Kulia kwangu alilala Bi Zuhura, mke wa mwenye duka pale mjini, aliyeungua tumbo kwa mafuta ya maandazi, na yeye alikuwa upande wa gozi. "Dawa ya hospitali ni ya hospitali," alikuwa akisema. "Majani tunafungia tumbaku." Kushoto alilala Domitila, Mrundi aliyekimbia kwao miaka michache nyuma, mwenye mguu uliomwagikiwa na uji, na yeye alikuwa jani mpaka mwisho. Kila asubuhi Nesi Generoza akija na sinia lake, Domitila anajiinua kwenye viwiko, anamwita mama yake kwa Kirundi: "Mawe! Jani linaingia uwanjani!" Mama mdogo ndiye aliyekata majani kwenye migomba ya nyuma ya hospitali, akachagua yaliyokuwa bado yamejisokota, akatoa uti, Nesi akayachemsha na kuyatandaza juu ya kitambaa safi. Mkono wa gozi ulipofunguliwa nilikuwa nauma kanga ili nisipige kelele. Hata wakiulowesha kwa maji, gozi ilitoka na vipande vyangu. Mkono wa jani ulifunguka kama unavyofunua ndizi zilizochemshiwa ndani ya majani, taratibu, unatoa mvuke, hamna kinachouma. Nilikuwa nasubiri zamu yake kama mtoto anavyosubiri kipande cha nyama. Bi Zuhura akaanza kunyamaza. Domitila akaanza kuwa hana adabu.

Usiku na mchana, nje ya saa za kufunga vidonda, mikono yote miwili ilifungwa juu ya vibao vya mbao, vidole vimenyooshwa. Nesi Generoza alinieleza mwenyewe, akiwa anakaza mafundo: "Ngozi ya moto ikipona inajivuta. Mkono unapenda kujikunja, maana hapo hauumi. Ukiukubalia, utajifunga na haufunguki tena." Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mtu wa Kasulu, aliyetembea kama aliyechelewa mahali. Aliniambia mimi, niliyekuwa nasikia nusu kwa homa. Mama mdogo alikuwa bandani anasonga ugali.

Sasa sikilizeni, maana mambo yote yamekaa hapa. Nesi akishaondoka, Mama mdogo alikuwa anakuja kukaa kitandani. Ananitazama nimelala kama aliyesulubiwa, mbao huku, mbao huku, na moyo wake unapasuka. Mkono wa gozi aliuogopa, maana ukiugusa tu napiga yowe. Lakini mkono wa jani haukuuma. Akawa anafungua fundo la kibao chake polepole, anakunja vidole vyangu ndani kama mtu anayefunga pesa kwenye pindo la kanga, anaulaza mkono kifuani pangu, anaufunika. "Basi, basi mama," ananibembeleza, "wacha nao upumzike." Nami nililala usingizi ambao mpaka leo naukumbuka utamu wake. Kabla Nesi hajarudi, mkono umekwisha kurudishwa kwenye kibao. Wageni wakija hali ilikuwa hiyohiyo. Kwetu Buha salamu si neno la kupita nalo. Mdogo anainama, anapiga makofi ya taratibu, mkubwa anauliza, na kila swali lina kofi lake: mwakeye, yaani umeamkaje, nyumbani wameamkaje, watoto, ng'ombe, mvua. Lakini mgonjwa husamehewa, na Mama mdogo alikuwa akiwawahi mlangoni: "Mtamwia radhi, mikono yake imepumzika." Wakamwitikia kwa huruma, wakapita. Kila mtu alinipenda. Kupendwa namna ile nusura kuniue mkono.

Siku daktari alipokuja kuangalia mwisho wa mchezo, wodi nzima ilijiweka sawa. Akafungua gozi: kidonda kimefunga, ngozi ina mabaka, lakini vidole vinanyooka. Akafungua jani, na Domitila akaanza kushangilia kabla ya wakati, maana ngozi ilikuwa safi na laini, imefunga mapema kuliko mwenzake. Daktari akatabasamu. Kisha akasema, "Nyoosha vidole, Yustina." Nikanyoosha. Havikwenda. Nikajaribu tena, vilitetemeka, vikabaki vimejikunja kama miguu ya kuku aliyekufa. Nikawaza cherehani, nitashikaje kitambaa, nikawaza Petro, nikawaza nitakapopelekwa Kasanda kwa wakwe, nitawasalimuje watu wa watu, mwanamke asiyeweza kukutanisha viganja? Nikaanza kulia bila sauti.

Daktari aliugeuzageuza mkono. Akamwambia Nesi, kwa sauti ya mtu aliyeangushiwa kitu, "Basi ni jani. Linaponya ngozi haraka, lakini linaivuta. Inabidi tuandike hivyo, tusimfunge mwingine yeyote." Mguuni pa kitanda Mama mdogo alikuwa amesimama na sahani ya maharage. Akaiweka chini, sakafuni, akapiga magoti kando yake.

"Daktari, usiandike," akasema. "Si jani. Ni mimi."

Akasema yote, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiha mpaka Nesi akawa anamtafsiria: fundo, kanga, kifua, kila siku. Nilimwona Nesi Generoza anavuta pumzi kutaka kufoka, na nilimwona daktari anamwinulia kiganja asifoke. Daktari angeweza kumfukuza Mama mdogo. Ningekuwa mimi, na hasira zangu hizi, ningemfukuza. Yeye akashuka kutoka kwenye kigoda, akachuchumaa wakawa sawa, akamuuliza, "Mama, kuna aliyekueleza kibao ni cha nini?"

"Hakuna."

"Nilimweleza Nesi. Nesi akamweleza mgonjwa. Wewe uliyeshinda naye kutwa hatukukwambia neno." Akafikicha macho. "Asante kwa kusema. Ungenyamaza, ningewanyima watu jani bure, na pengine kwa miaka mingi."

Mama mdogo akajibu, "Asante yako haifungui mkono wa mwanangu." Ilikuwa kweli, na daktari alikubali kwamba ni kweli.

Njia ilikuwa kuupasua. Wangekata pale ngozi ilipojivuta, wanyooshe vidole, na pengo walizibe kwa ngozi nyembamba watakayoikwangua pajani mwangu. Huko bandani maneno yalichemka kuliko vyungu. Niliwasikia dirishani: ngozi itakuwa ya maiti, hapana, ya nguruwe, ndiyo maana hawasemi, msichana atazaa watoto wenye mabaka. Bi Zuhura, Mungu ampe kheri, alitoka na tumbo lake lililofungwa akasimama mlangoni pa banda: "Nimemsikia daktari kwa masikio yangu, ngozi ni yake mwenyewe, ya paja lake mwenyewe. Na nyie endeleeni kuunguza ugali." Nilipasuliwa. Paja liliniuma kuliko mkono, hilo hakuna aliyeniambia kabla. Ngozi ikashika. Daktari akafurahi, akatuonya: kushika kwa ngozi ni nusu ya kazi. Vidole sharti vivutwe kila siku kwa miezi, la sivyo vitarudi palepale, na mara hii hapatakuwa na pa kukata. Akamgeukia Mama mdogo, akamwonyesha yeye, kidole kwa kidole, na akamfanya arudie mbele yake.

Ehe, hapo ndipo tulipoanza kuchukiana. Mama mdogo alinivuta vidole asubuhi na jioni, kageuza uso ukutani, machozi yanamtoka, na mimi namtukana. Sisemi nilimtukana nini. Nilikuwa nikimwona anakuja, naingiza mkono chini ya blanketi. Nesi akija nasema nimeshafanya. Mwili unajua kudanganya ukiwa na maumivu. Tukaenda hivyo, vidole vinafunguka leo, kesho vinarudi, na Nesi Generoza akawa anatikisa kichwa tu.

Kisha akaja mama yake Petro. Alisafiri kutoka Kasanda, kikapu kichwani, ndani yake kuku na chupa ya asali, na kila mtu alijua amekuja kuangalia nini. Petro mwenyewe hakuja. Mama Petro alisimama mlangoni pa wodi, mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Nilimtazama Mama mdogo, nikisubiri awahi mlangoni kama siku zote, aseme mtamwia radhi. Alikuwa amekaa kitandani, mikono kaikalia. Kweli kabisa, aliweka mikono yake chini ya mapaja akaikalia.

"Mwakeye," akasema Mama Petro.

Nikashuka kitandani, nikainama, nikaleta mikono mbele. Wa kulia ulikuja umenyooka. Wa kushoto ulikuja kama kikombe. Nikapiga. Haikutoka sauti ya kofi, ilitoka kama mtu anayekanda unga. Nilitaka sakafu ile ya saruji inimeze. Nilimwona Mama Petro ameutazama mkono, kisha akatazama uso wangu, na nikajua sasa atageuka. Hakugeuka. Akauliza nyumbani wameamkaje. Inabidi kuitika, nikapiga. Akauliza watoto wa mama yako mdogo. Nikapiga. Akauliza kijiji kipya, akauliza mvua, akauliza mbuzi, wakati mbuzi hatukuwa nao. Akauliza muuguzi, akauliza daktari, akauliza jirani wa kulia na jirani wa kushoto, na Domitila akaitika mwenyewe akifa kwa kicheko. Jasho lilinitoka mpaka kwenye kidevu. Kila kofi lilikuwa linapasua, na mkubwa akikuuliza huwezi kumwambia nimechoka, haiwezekani, haijapata kutokea. Aliuliza habari mpaka zikamwishia habari za duniani, akaanza upya na watu wa kwao Kasanda, mmoja mmoja. Na hapo, katikati ya mashangazi zake, kiganja changu kikalia. Kofi, kofi kabisa. Dogo, lakini wodi nzima ililisikia.

Mama Petro akakaa. Akamwambia Mama mdogo, kana kwamba hakuna lililotokea, "Binti ana adabu. Tutaleta watu mavuno yakiisha." Mama mdogo alitoa mikono chini ya mapaja, akalia kwa sauti kubwa, na safari hii hakugeuza uso.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani hospitalini. Mama mdogo alipita vitanda vyote, akapita bandani, akapita mpaka foleni ya dawa: nendeni mkamsalimie mwanangu, na mkifika msifupishe. Wazee nisiowajua walitoka wodi ya wanaume kuja kuniuliza habari za ng'ombe. Daktari Kileo alipoona hayo alisimama mlangoni anacheka, kisha akaacha kucheka, akafikiri. Muda si mrefu wenye mikono iliyoungua wote walikuwa wanaketishwa wawili wawili kila asubuhi, wasalimiane kama watu wa Buha. Yeye mwenyewe alijifunza, na alikuwa anapiga makofi vibaya, haraka haraka kama yuko mkutanoni. Jani aliliandika kwamba linafaa, na kwamba kibao kielezwe kwa muuguzaji kabla ya mgonjwa. Alikuja akanisomea, nami nikaona fahari, sijui kwa nini, kana kwamba nimezaa.

Nilirudi Kagerankanda kabla mwaka haujaisha. Cherehani ilikuwa imepakwa mafuta, inanisubiri. Niliolewa Kasanda, nikashonea watu sare za shule na magauni ya kipaimara mpaka macho yalipochoka, na mkwe wangu Mama Petro, hadi anakufa, alikuwa akinisalimia salamu ndefu kuliko wakaza mwana wenzangu wote. Kidole cha mwisho tu ndicho kilichobaki kimejikunja. Mama mdogo kila tulipokutana alikuwa anakitafuta kwanza, anakishika, anakinyoosha kidogo, anakiacha.

Kiharusi kilimpata mwaka jana, upande wa kushoto, na sauti ikaenda nayo. Nilipofika Munanila nilimkuta kwenye godoro zuri, mito kila upande, mkono wake umekunjwa kifuani umefunikwa kwa kanga, na wanangu nyie mmemzunguka kwa mapenzi. "Tumemwacha apumzike," mkaniambia. Nikaifungua ile kanga. Neema, ulikuwepo, uliniona nikivuta, ukaona machozi ya bibi yako ukadhani ni ya maumivu peke yake. Hukuona alichokuwa anakifanya kwa mkono mzima. Kila nilipokuwa navuta, mkono ule mzima ulikuwa unatafuta kidole changu hiki na kukishika. Na zile asubuhi nilizokuwa napiga magoti nakaa naye muda mrefu, mkasema nasali, nilikuwa namsalimia: mwakeye mama, Kagerankanda wameamkaje, cherehani imeamkaje, Domitila, Bi Zuhura, daktari yule wa Moshi. Wiki ile ya mwisho aliinua mkono mzima akaupiga juu ya kiganja kile kibovu, na kiganja kilikuwa wazi. Kililia.

Alikufa mkono umenyooka. Wakati wa kumwosha wanawake waliniuliza tumlaze vipi, maana mkubwa pale nilikuwa mimi. Nikawaomba wanipishe. Nikachukua mkono wake wa kushoto, nikakunja vidole ndani, kimoja kimoja, nikaulaza kifuani pake nikaufunika na kanga. Nikamwambia, "Basi, basi mama. Sasa upumzike."